Kuondoa radoni shimoni: mwongozo wa hewa kwa machimbo madogo ya bara ya Malindi

Radoni haiondolewi shimoni kwa dawa, wala kwa chujio, wala kwa barakoa. Huondolewa na hewa safi inayofika mpaka pale panapochimbwa, kisha ikatoka upesi kabla haijazeeka. Umri wa hewa ndio jambo la kwanza katika kazi hii, na karibu makosa yote tutakayoyataja huko mbele ni njia mbalimbali za kuiacha hewa izeeke.

Mwongozo huu ni wa machimbo madogo: shimo la wima la mita 10 hadi 30, chini yake njia moja au mbili za ulalo, wachimbaji wasiozidi 10, na umeme wa jenereta. Tumeandika tukiufikiria upande wa bara wa Malindi, maeneo kama Vitengeni ambako barite (jiwe zito lenye bariamu) na madini ya risasi yanajulikana tangu zamani. Hesabu zenyewe zinawafaa pia vijana wa Malindi na Lamu wanaokwenda kuchimba vito Taita Taveta.

Gesi yenyewe na madhara yake

Urani imo kidogo kidogo katika miamba mingi. Ikioza hupitia hatua kadhaa mpaka ikawa radiamu, na radiamu ikioza hutoa radoni, gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Gesi hiyo hupenya nyufa za mwamba na kuingia katika hewa ya shimo. Nusu ya radoni huoza kila baada ya siku 3.8. Ikioza haiwi gesi tena, bali chembe ngumu za poloniamu, risasi na bismathi. Hizi tutaziita vizalia. Vizalia hunata kwenye vumbi na moshi, huvutwa mapafuni na kubaki humo, na poloniamu yake hupiga chembe hai za mapafu kwa mionzi ya alfa. Radoni peke yake huingia kwa pumzi na kutoka kwa pumzi, na sehemu kubwa ya madhara hufanywa na vizalia.

Ugonjwa unaoletwa ni saratani ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka radoni katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa mwaka 1988, na ushahidi mwingi ulitoka kwa wachimbaji wa urani wa Ulaya na Marekani. Saratani hiyo huchukua miaka mingi kujitokeza. Mchimbaji hataumwa kichwa, hatakohoa wala kuona kizunguzungu kwa sababu ya radoni. Kwa hiyo msingoje dalili. Anayevuta sigara yuko katika hatari kubwa zaidi ya asiyevuta, maana sumu mbili zinakutana katika mapafu yale yale.

Musichanganye radoni na hewa nzito inayoua papo hapo. Shimo lililolala, yaani ambalo hewa yake haitembei, linaweza kukosa oksijeni, na pampu au jenereta ya petroli ikiwashwa chini hujaza monoksidi ya kaboni ambayo huua watu kwa dakika chache. Kuteremsha kandili ili kuona kama mwali utazimika hakukuambii lolote kuhusu monoksidi ya kaboni wala radoni. Uzuri ni kwamba feni iliyowekwa vizuri kwa ajili ya radoni huleta oksijeni pia. Lakini injini haiteremshwi shimoni hata kwa dakika moja, feni iwepo isiwepo.

Wachimbaji wa barite wana sababu yao ya kupima. Kikemia radiamu inafanana sana na bariamu, hivyo katika baadhi ya miamba hujipenyeza ndani ya fuwele za barite. Si kila barite ina radiamu, na rangi ya jiwe haitakuambia. Miamba yenye thoriamu, kama ya kilima cha Mrima kule Kwale, hutoa ndugu ya radoni iitwayo toroni, ambayo nusu yake huoza kwa sekunde 56 tu. Hiyo hupimwa kwa namna tofauti kidogo, tutaigusa.

Pima kwanza

Kuna vipimo viwili, na mwenye shimo aelewe tofauti yake.

Cha kwanza ni radoni yenyewe, kwa bekereli (bekereli moja ni atomu moja inayooza kila sekunde) katika mita moja ya ujazo ya hewa. Njia rahisi ni kipande kidogo cha plastiki maalumu ndani ya kikopo, ambacho mionzi ya alfa hukichoma alama zinazohesabiwa maabara. Kining'inize kimo cha kichwa cha mchimbaji, pale watu wanapofanyia kazi, si mbele ya mdomo wa bomba la hewa na si mlangoni mwa shimo. Kiache miezi 3. Vikopo vya makaa vinavyotumika majumbani havifai, kwa sababu unyevu wa shimoni huyashibisha makaa na jibu likatoka dogo kuliko ukweli. Mashine ya umeme inayosoma saa kwa saa ni ghali, lakini ndiyo itakayokuonyesha kinachotokea usiku feni ikizimwa.

Cha pili ni vizalia, kwa kipimo ambacho vitabu vya migodi hukiandika WL. Radoni ya bekereli 3,700 kwa mita ya ujazo, ikikaa na vizalia vyake vyote bila kupungua, ni WL 1. Anayefanya kazi saa 170 katika WL 1 amepata dozi ya WLM 1. Namna ya kupima hapo hapo mgodini ni hii: vuta lita 10 za hewa kupitia karatasi ya chujio kwa dakika 5, yaani lita 2 kwa dakika. Ngoja kati ya dakika 40 na 90, kisha hesabu alfa zinazotoka kwenye karatasi kwa mashine ya kuhesabia alfa. Gawanya hesabu ya dakika moja kwa ufanisi wa mashine (sehemu ya alfa inazozinasa), kwa lita zilizovutwa, na kwa namba ya muda uliongoja: 150 ukihesabu dakika ya 40, 130 dakika ya 50, 110 dakika ya 60, 90 dakika ya 70, 60 dakika ya 90. Mfano: umepata alfa 165 kwa dakika baada ya kutoa hesabu ya mashine tupu, ufanisi ni 0.3, umengoja dakika 60. Basi 165 ÷ (0.3 × 10 × 110) = WL 0.5. Shimo hilo halifai kwa kazi ya kila siku mpaka hewa irekebishwe. Kama unashuku toroni, hesabu karatasi ile ile tena baada ya saa 5 au zaidi. Vizalia vya radoni vitakuwa vimekwisha, na kitakachobaki ni vya toroni.

Lengo liwe wapi? Marekani sheria ya migodi inaruhusu WLM 4 kwa mwaka, na haimruhusu mtu kukaa katika hewa inayozidi WL 1. Sisi tunaona kiwango hicho ni kikubwa mno. Kwa hesabu mpya ya tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi, ICRP, WLM 1 mgodini ni karibu milisiveti 10 (milisiveti ni kipimo cha dozi ya mionzi mwilini), hivyo WLM 4 ni milisiveti 40, mara mbili ya wastani wa 20 unaokubalika kwa mfanyakazi wa mionzi kwa mwaka. Wekeni lengo la radoni isiyozidi bekereli 300, na vizalia visivyozidi WL 0.1. Hata hiyo 0.1, kwa saa 2,000 za kazi kwa mwaka, ni WLM 1.2 hivi. Msijivunie kuifikia, ishusheni zaidi.

Hesabu ya hewa

Tuchukue njia ya ulalo ya upana wa mita 1.5, kimo mita 1.8, urefu mita 30. Ujazo wake ni mita 81 za ujazo, na kuta, dari na sakafu ni karibu mita 198 za eneo. Tuseme kila mita ya eneo inatoa bekereli 0.1 kwa sekunde, kiasi cha mwamba wenye radiamu nyingi kuliko kawaida. Jumla ni bekereli 19.8 kila sekunde.

Njia hiyo ikifungwa kabisa kwa wiki kadhaa, radoni yake itapanda mpaka karibu bekereli 116,000. Ikiachwa bila hewa usiku mmoja wa saa 12 tu, itafika kama 10,000. Watu wakishuka asubuhi na kuanza kupiga mwamba bila kuingoja feni, hewa wanayoivuta saa ya kwanza inaweza kuzidi WL 1.

Sasa tia hewa. Mkondo dhaifu wa mita 0.05 za ujazo kwa sekunde, kama unaopita wenyewe kwa upepo, unaacha karibu bekereli 400, na hewa inakaa ndani dakika 27. Feni ya mita 0.5 za ujazo kwa sekunde inaacha kama 40 tu, na hewa inakaa ndani chini ya dakika 3. Mkondo umeongezeka mara 10 na radoni imepungua mara 10. Vizalia, kwa kuwa havikupata muda wa kuzaliwa, vimepungua karibu mara 70. Ukiongeza mkondo maradufu, vizalia hupungua mara tatu na nusu hivi. Ndiyo maana fedha ya feni na bomba hulipa kuliko fedha ya kitu kingine chochote shimoni.

Hesabu hii inasimama kwa sharti moja: hewa inayoingia iwe safi kweli.

Usitegemee upepo

Wengi pwani huamini kwamba shimo lenye mdomo mpana "linapumua lenyewe". Linapumua, ila kwa saa zisizofaa. Mchana jua likiwaka, hewa ya nje ni ya moto na nyepesi, na ya shimoni ni baridi na nzito kuliko ya nje, hivyo hulala pale pale chini. Usiku nje kukipoa, hewa baridi huteremka na ile ya chini iliyopashwa na mwamba hupanda. Yaani shimo husafishika vizuri watu wakiwa wamelala, na hulala watu wakiwa kazini.

Kuna la pili. Katika nchi za joto kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupanda na kushuka mara mbili kila siku: juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, chini karibu saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti ni ndogo, kama hektopaskali 3, lakini kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri mwamba na mashimo ya zamani hutoa pumzi zao kwenye njia mnazofanyia kazi. Mashimo ya zamani yenye ujazo wa mita 1,000 hutoa kama mita 3 za hewa iliyooza kwa saa hizo 6. Ikiwa hewa hiyo ina bekereli 116,000 kwa mita, ni sawa na bekereli 16 kila sekunde, karibu sawa na kuta zote za njia ya mfano wetu.

Na kama mgodi una midomo miwili na mnategemea upepo kuingia mmoja na kutoka mwingine, kusi likiondoka na kaskazi likaingia mkondo unaweza kugeuka. Aliyekuwa kwenye hewa safi mwezi uliopita atakuwa kwenye hewa chafu bila kujua. Feni iamue upande, upepo usaidie tu.

Hatua ya 1: Feni isukume, isivute

Weka feni juu, nje ya shimo, ikisukuma hewa safi kupitia bomba mpaka chini. Feni inayovuta hewa kutoka shimoni hushusha kanieneo ndani, na mwamba pamoja na mashimo ya zamani hutiririsha gesi kuja kwenu. Inayosukuma hupandisha kanieneo kidogo na kuizuia gesi nyufani. Zaidi ya hapo, hewa ya bomba humfikia mchimbaji ikiwa na umri wa sekunde chache. Ikivutwa, hewa humfikia ikiwa imepita njia nzima ikiokota radoni na vumbi.

Mdomo wa feni uwe mita 5 au zaidi kutoka mdomo wa shimo, upande upepo unakotoka. Wakati wa kusi uhamishe, wakati wa kaskazi uhamishe tena. Jenereta ikae upande wa pili kabisa, mita 10 au zaidi, moshi wake ukienda mbali na feni. Hapo ndipo watu wengi huharibu: feni nzuri, bomba zuri, na moshi wa jenereta unasukumwa moja kwa moja kwa wachimbaji. Chungu la mawe ya madini lisiwe jirani na feni.

Hatua ya 2: Bomba la hewa

Hapa usifanye ubahili. Kusukuma mita 0.5 za ujazo kwa sekunde kupitia bomba la kitambaa la kipenyo cha milimita 300 na urefu wa mita 30 kunahitaji kanieneo ya paskali 90 hivi, na kona zikihesabiwa, 120. Bomba la milimita 200 kwa mkondo ule ule linataka karibu paskali 680, mara saba na nusu. Feni ndogo haiwezi. Itazunguka na kuvuma, na hewa chini itakuwa robo ya mnayodhani. Nunua feni ya milimita 300 yenye bamba linaloonyesha mkondo na kanieneo, si wati peke yake. Jenereta ya kVA 2 inaitosha.

Kwa kuwa bomba linasukumiwa, laweza kuwa laini, maana hewa yenyewe hulijaza. Fundi wa maturubai Malindi, au fundi wa matanga Lamu, anaweza kulishona kwa turubai la plastiki lisilopitisha hewa. Mzingo wa milimita 300 ni sentimita 94, hivyo kata upana wa sentimita 98 ili kupata 4 za mshono. Matundu ya sindano huvuja, kwa hiyo paka mshono gundi ya maturubai na bandika ukanda juu yake. Vipande viwe vya mita 10, kila ncha na pete ya chuma au ya plastiki ngumu, vikifungwa kwa mkanda wa kukaza. Turubai la pamba halifai, hewa hupenya na unyevu huliozesha.

Tandika waya wa mabati darini na ulining'inize bomba kila mita moja na nusu. Kona ziwe za mviringo, maana bomba lililokunjika pembe hukaba nusu ya hewa. Kona ya chini ya shimo la wima, pale linapogeuka kuingia njia ya ulalo, iwe ya bati iliyopindwa na fundi bati.

Mwisho wa bomba usiwe zaidi ya mita 5 kutoka uso unaochimbwa. Mkisonga mbele, bomba lisogezwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kulipua baruti lirudishwe nyuma, na baada ya moshi kwisha lirudishwe mbele. Bomba lililoachwa mita 15 nyuma hupuliza hewa inayogeuka na kurudi, na mwisho wa njia hubaki mfuko uliolala. Huko ndiko anakokaa mwenye nyundo.

Hatua ya 3: Hakikisha hewa inafika

Pima kasi kwenye mdomo wa bomba chini kwa kipima-upepo kidogo cha mkononi, ukikizungusha pole pole juu ya mdomo wote. Kwa milimita 300, kasi ya wastani ya mita 7 kwa sekunde ni mita 0.5 za ujazo. Pima pia karibu na feni. Kama chini inafika chini ya asilimia 80 ya ya juu, tafuta uvujaji kwenye viungo kwanza, kisha mishono.

Asiye na kipimo atumie poda ya mtoto katika chupa laini. Pima mita 10 za njia, minya chupa katikati ya njia, hesabu sekunde mpaka wingu lifike, na zidisha kasi kwa 0.8 kwa sababu katikati hewa huenda haraka kuliko ukutani. Kisha zidisha kwa eneo la njia. Poda pia itakuonyesha hewa inaelekea wapi. Inaporudi nyuma au kusimama, pana tatizo. Ubani na moshi wowote wa moto vitumike juu tu, kuangalia kama hewa inayotoka shimoni inarudi kwenye feni. Chini kuna baruti.

Hatua ya 4: Asubuhi kabla ya kushuka

Washa feni, ngojeni dakika 30 juu. Kwa mfano wetu hewa yote hubadilika kila dakika 2.7, na mabadiliko 5 huacha chini ya asilimia 1 ya kilichokuwamo. Dakika 30 zina akiba kwa ajili ya pembe zilizojificha. Njia ikiwa ndefu maradufu, ongeza muda maradufu.

Feni ikizimika katikati ya kazi, watu wapande wote. Ikiwaka tena, ngojeni tena. Mafuta ya jenereta yasiyofika mwisho wa zamu ni sababu ya kawaida ya feni kuzimwa "kidogo tu" alasiri, saa ile ile kanieneo iko chini kabisa.

Hatua ya 5: Ziba mashimo ya zamani

Njia isiyotumika tena ni ghala la radoni. Isipozibwa, feni yako itakuwa inapigana nayo kila siku. Ukuta wa kuziba ujengwe hivi.

Chagua mahali penye mwamba imara na gonga mawe yaliyolegea yaanguke. Chimba mfereji wa sentimita 10 kuzunguka kuta, dari na sakafu. Simamisha boriti kila nusu mita, zipigilie waya wa kuku. Tandika karatasi mbili za nailoni nzito, ile inayowekwa chini ya sakafu za nyumba, zipishane sentimita 30, na kingo zake ziingie mfereji. Jaza mfereji kwa saruji. Kisha piga lipu ya saruji moja kwa mchanga tatu, unene wa sentimita 5, usitumie mchanga wa baharini kwa sababu chumvi italiozesha waya. Mwagia maji siku 7. Nyufa za mwamba kando ya ukuta zizibwe mita moja kila upande, kwa kuwa gesi haitapita ukutani ikiwa imepata ufa pembeni.

Mabomba mawili yapite ukutani. La juu, la milimita 50 hadi 100, lipeleke hewa ya nyuma ya ukuta mpaka nje juu ya ardhi, mbali na feni na mbali na vibanda vya watu. Bila hilo, alasiri kanieneo ikishuka ukuta utasukumwa kutoka ndani na utavuja. La chini ni la kutoa maji, nalo lipindwe chini kama bomba la sinki ili maji ya kimo cha sentimita 30 yakae humo daima. Paskali 100 huinua maji sentimita 1 tu, hivyo 30 zinatosha kuzuia hewa huku maji yakipita. Wakati wa kiangazi kona hiyo hukauka. Imwagieni maji kila wiki.

Kupaka kuta za njia rangi au lipu ili kuzuia radoni husaidia kidogo na hugharimu sana, na ufa mmoja huharibu kazi yote. Fanyeni mwisho, kama mnafanya.

Hatua ya 6: Maji na mawe yaliyovunjwa

Radoni huyeyuka katika maji ya chini ya ardhi na hutoka yakifika hewani, hasa yakidondoka au kumwagika. Chemchemi ndogo ukutani inaweza kuleta gesi nyingi kuliko ukuta mzima. Iingizeni kwenye bomba pale pale inapotoka, ipelekeni kwenye shimo la maji lililofunikwa, na lipampuliwe juu kwa pampu ya umeme. Mfereji wazi katikati ya njia ni kosa.

Jiwe likivunjwa, eneo lake la kutolea gesi huongezeka sana. Madini yaliyolipuliwa yasilale chini usiku kucha, yapandishwe siku hiyo. Juu, yasirundikwe karibu na vibanda vya kulala, na mawe taka yasitumike kujengea nyumba mpaka yapimwe.

Barakoa, chujio na makaa

Barakoa nzuri yenye chujio la kiwango cha juu, inayoshika uso vizuri, huzuia vizalia vilivyonata kwenye vumbi. Radoni yenyewe hupita. Itumike kwa kazi fupi, kama kurekebisha feni iliyoharibika, tena ikiwa mmehakikisha kuna oksijeni na hakuna monoksidi ya kaboni. Leso na barakoa ya hospitali si kinga. Ndevu huifanya barakoa ivuje pembeni.

Mashine ya kuchuja hewa ndani ya shimo hupunguza vizalia kwa muda, lakini radoni inabaki na kuanza kuzaa tena mara moja. Vizalia vipya vikikosa vumbi la kunatia hubaki vidogo mno, na vidogo hivyo hudhuru mapafu zaidi kwa kiasi kile kile. Makaa hunasa radoni kweli, ila unyevu huyashinda na yanahitajika mengi kupita kiasi kwa mgodi. Fedha hiyo nunueni bomba pana.

Njia mbili, watu wawili

Mkiwa na sehemu mbili za kuchimba, kila moja ipate tawi lake la bomba. Hewa ikipita kwa kundi la kwanza kisha ikaenda kwa la pili, la pili linavuta hewa iliyozeeka yenye mavuno ya njia zote mbili. Matawi yawe na vilango vya kurekebisha, na kila mdomo upimwe peke yake, maana hewa hukimbilia tawi fupi na kulisahau refu.

Dalili ambazo msimamizi aziangalie kila siku ni hizi. Bomba limelegea halikujaa: feni dhaifu au kiungo kimefunguka. Feni inavuma kwa sauti ya juu kuliko kawaida na hewa chini ni kidogo: bomba limekabwa, tazama kona na mawe yaliyoangukia juu yake. Vumbi linaning'inia mbele ya mchimbaji haliondoki: mdomo wa bomba uko mbali. Harufu ya moshi wa jenereta chini: pandeni mara moja, upepo umegeuka. Radoni imepanda ilhali mkondo ni ule ule: mmefungua ufa mpya, maji mapya, au ukuta wa kuziba umevuja.

Kila kipimo kiandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, mahali, mkondo wa hewa, radoni au WL, na majina ya waliokuwa chini kwa saa ngapi. Bila saa za mtu hamwezi kujua WLM yake. Anayehama kwenda mgodi mwingine apewe nakala, kwa sababu dozi yake haibaki mgodini kwenu. Ikiwa kipimo kinarudia kuzidi bekereli 1,000 baada ya hatua zote hizi, simamisheni kazi ya chini na muwaite KNRA, mamlaka ya nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya 2019, pamoja na ofisi ya usalama na afya kazini, mkiwa na daftari hilo mkononi.